Mholanzi wa Mama

Mholanzi alikuja kliniki na mkono ulioungua. Mimi sikuwepo, nilikuwa shule, lakini mama alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwepo. Yule Mholanzi alikuwa akichemsha mafuta ya kitani jikoni kwake, sufuria ikafoka, na ngozi ya mkono wa kushoto ikabambuka kama ganda la nyanya lililotiwa maji ya moto. Mama alikuwa nesi wa vidonda hapo Woolwich, mtaa wa London. Akamsafisha, akampaka dawa, akamfunga bendeji, na muda wote huo yule mzungu hakukitazama kidonda chake. Alimtazama mama.

"Unaumia?" mama akamuuliza.

"Geuka kidogo upande wa dirisha," akajibu.

Mama alidhani amechanganyikiwa kwa maumivu. Mholanzi aliporudi kubadilishwa bendeji akajieleza: yeye ni mchoraji, anachora watu, angependa kumchora nesi wake. Mama akakataa. Akaja tena, mama akakataa tena. Mara ya mwisho kidonda kilikuwa kimeshakauka, hakuwa na sababu yoyote ya kuja, na akaja. Mama akacheka. Ndivyo ilivyoanza, kwa kicheko, ingawa baada ya hapo sikumbuki vicheko vingi.

Tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba yangu alibaki Tanga na familia yake nyingine. Mama alitangulia London, nami nikamfuata nikiwa na miaka tisa. Nyumbani alinikataza Kiingereza. "Lugha ya shule iache mlangoni pamoja na viatu," alikuwa akisema. Watoto wa wenzake kanisani walimwelewa mama akiwasemesha, wakamjibu Kiingereza; mimi ningejaribu hivyo ningelala na njaa. Kwa hiyo hata Mholanzi, alipoanza kuja kwetu, ilimbidi ajifunze. Alijifunza neno hapa, neno pale, bila kujali ngeli. "Kitabu mkubwa." "Mtoto kizuri." Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kuniomba nimwite kitu kingine.

Walifunga ndoa katika ofisi ya serikali, mama akiwa na gauni la kitenge na Mzee akiwa na koti lenye doa la rangi ya bluu begani. Kina mama wa kanisani walikuja, wakala, wakanong'ona. Mmoja alimwambia mama, nikiwa nimesimama pale pale, "Angalau umepata nyumba, dada."

Nyumba kweli ilikuwepo. Ilikuwa juu ya kilima, ya ghorofa tatu, yenye madirisha marefu yanayotazama kaskazini. Mzee aliinunua enzi zile picha zake zilipokuwa zikigombaniwa. Alikuwa amejifunza kazi kwao Uholanzi kwa mwalimu aliyeshika taratibu za kale: kusaga rangi mwenyewe juu ya jiwe, kupaka giza kwanza, kisha kuuleta mwanga tabaka kwa tabaka, kusubiri tabaka moja likauke ndipo liwekwe jingine. Kwa miaka mingi matajiri wa London walipanga foleni wachorwe na mkono wa namna hiyo. Walimwita bingwa. Nimeona picha za gazeti za wakati huo, amevaa kofia ya mahameli, kidevu juu.

Sisi tulipohamia, foleni ilikuwa imeshapungua, lakini yeye alikuwa bado anatumia fedha kama mtu mwenye foleni mlangoni. Kila wiki alikwenda mnadani. Alirudi na kofia ya chuma ya askari wa zamani, magamba ya konokono wa baharini, ndege aliyekaushwa, mapanga, vitambaa vya dhahabu vilivyoliwa na nondo, michoro midogo ya watu waliokufa zamani. Vyumba viwili vilijaa. Barua za benki alizitia ndani ya kofia ya chuma bila kuzifungua.

"Ni vitu vya kazi," alimwambia mama.

"Mwenzangu," mama akamjibu, "mwezi ujao tutakula panga au tutakula ndege?"

Alicheka, akambusu kwenye paji la uso, na Jumamosi akaenda tena mnadani. Chakula tulikula kwa mshahara wa mama. Hilo sikulijua wakati ule. Niliona friji ina maziwa, basi.

Alikuwa akituchora sote wawili. Kukaa mbele yake ilikuwa kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ulikaa kwenye kiti kirefu, hita ikikuchoma mguu mmoja na mwingine ukiganda, na yeye alikutazama bila haya, kama daktari, kisha akageukia kitambaa chake cha kuchorea na kukusahau kabisa. Ukitabasamu alikasirika. "Acha kufunga mlango," alisema. Nilichukua muda kuelewa kwamba mlango ni uso. Picha ilipokamilika nilijiona nimechoka, nina miaka kumi na minne na macho ya mtu aliyengoja kitu kisichokuja. Nilimwambia mama kwamba sipendi. Mama akaitazama sana, akasema, "Ndivyo ulivyokuwa siku ile uliposhuka kwenye ndege." Kumbe Mzee alimuuliza juu ya siku ile.

Kisha ikaja kazi kubwa. Chama kimoja cha wafanyabiashara wa mjini, chama cha wakubwa chenye ukumbi wake wa chakula, kilitaka picha ya viongozi wake wote pamoja, itundikwe ukutani mbele ya meza kuu. Walitoa malipo ya awali. Malipo yaliyobaki yangelipa benki, yangelipa kodi, yangetuacha na kitu. Mama alianza kulala vizuri. Mzee alialikwa kwenye karamu yao moja akachore vichwa, akarudi amejaza daftari zima.

Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka. Kitambaa kilikuwa kikubwa hata ikabidi mlango wa chumba cha kazi ung'olewe. Hakutaka mtu aone. Mama tu ndiye aliyeingia, akasimama akiwa amevaa aproni nyeupe na kushika sinia tupu, mara nyingi akiwa ametoka kazini, miguu imevimba. Alipomuuliza picha ni ya nini, Mzee alisema anahitaji mikono.

Siku ya kuonyesha, wakaja wanne, mwenyekiti akiwa mbele, mtu mrefu mwenye sauti laini. Mimi nilileta chai. Mama alikuwa mlangoni na sare yake ya kazi, anasubiri asalimie ndipo aende shifti. Mzee akavuta pazia.

Ndani ya picha wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka meza ndefu, wengine nusu uso, wengine mgongo, wengine wamemezwa na giza hadi umebaki ukingo wa sikio na kola. Walikuwa wazee, na walikuwa na hofu ya kitu ambacho huwezi kukitaja. Katikati, ambako mwanga wote wa ile picha ulikuwa umekusanyika, alisimama mwanamke mweusi mwenye aproni, ameinama kidogo kuweka sinia mezani. Hakuna aliyemtazama. Yeye alikuwa anatutazama sisi.

"Huyu ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mhudumu."

"Naona kwamba ni mhudumu. Nauliza anafanya nini katikati."

"Analeta chakula," Mzee akasema. "Siku ile mlikuwa na njaa."

Mmoja akacheka, akaacha. Mwenyekiti akasogea karibu na kitambaa. "Na mimi niko wapi?"

"Pale. Kivulini."

"Kwa nini niko kivulini?"

"Ulikaa kivulini. Nilikuona."

Hapo mwenyekiti akageuka, akamwona mama pale mlangoni, akarudisha macho kwenye picha, na shingo yake ikawa nyekundu. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema hawana neno lolote na mke wa bwana, ni mambo ya mpangilio tu, na kwamba wangeshukuru sana ikiwa yule mama atapunguzwa, au asogezwe pembeni, na nyuso za viongozi ziongezwe nuru. Kazi ya wiki chache. Malipo yatabaki vile vile.

"Hapana," Mzee akasema.

Waliondoka bila kumaliza chai. Mama hakuenda kazini siku hiyo. Ndiyo siku pekee ninayokumbuka alipiga simu kuomba udhuru. Alikaa mbele ya ile picha, akajitazama.

"Nifute," akasema.

Mzee alikuwa anaosha brashi.

"Nakwambia nifute. Weka kikapu cha matunda. Weka mbwa. Wazungu wenzako wanapenda mbwa."

"Siwezi."

"Unaweza. Nimekuona ukifuta nyuso za watu kwa kitambaa kama unafuta meza."

"Hii ni nzuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Picha hii ni kitu... ni mzuri sana. Wewe ni mwanga."

"Sikuomba kuwa mwanga!" Mama alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Nani alikuomba unitetee? Nimefanya kazi miaka yote hii watu wakinipita bila kuniona, na nimelipa kodi, nimesomesha mtoto, sikufa. Leo unaniweka katikati ya watu wasionitaka, halafu nyumba iende? Hapo umenitetea mimi au umejitetea wewe?"

Mzee aliendelea kuosha brashi mpaka maji yakawa safi. Picha hakuigusa.

Chama kikadai malipo ya awali yarudishwe. Yalikuwa yameshakuwa mapanga na magamba. Benki ikachoka, ofisi ya kodi ikachoka, na mahakama ikamtangaza kuwa amefilisika. Watu wakaja asubuhi ya siku ya kazi, wastaarabu, wamevaa viatu vya mpira ili wasichafue zulia ambalo nalo lilikuwa limeshakuwa lao. Walibandika karatasi ndogo kwenye kila kitu. Sheria ilimruhusu abaki na vifaa vya kazi yake, hivyo walimwachia brashi, jiwe la kusagia, rangi na kiti kirefu. Alibishana nao sana juu ya kofia ya chuma. Kijana mmoja wao akamuuliza kwa upole, "Unaivaa ukichora?" Mzee akasema ndiyo. Hawakumwamini.

Mnada ulikuwa Croydon, kusini mwa jiji, kwenye ghala karibu na reli ya tramu. Mama alinikataza kwenda, nikaenda. Vitu alivyovinunua kwa miaka vilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Ndege aliyekaushwa hakupata mnunuzi. Picha yangu ilinunuliwa na mwanamke aliyesema ataitoa, anataka fremu. Ile picha kubwa iliegemezwa ukutani imegeuzwa, ikauzwa mwishoni kabisa kwa mtu mmoja mwenye duka la picha, kwa fedha ambayo haingetosha hata kununua rangi iliyomo.

Miaka michache baadaye nilimuuliza yule mwenye duka aliifanyia nini. Aliniambia bila kificho. Hakuna mtu mwenye ukuta wa kuitosha, kwa hiyo aliikata. Vichwa vile vya wanaume aliviwekea fremu kimoja kimoja, akawapigia simu wenyewe. Karibu wote walinunua. Hata mwenyekiti alinunua kivuli chake.

"Na katikati?" nikamuuliza.

"Katikati hapakuwa na mwenyewe," akasema. Hakukumbuka alikipeleka wapi kipande kile.

Tulikaa kwanza kwenye hosteli ya muda, chumba kimoja, Mzee na mama kitandani na mimi kwenye godoro. Baadaye kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ikatupa fleti Woolwich, juu ya barabara ya soko. Chumba kikubwa kikawa cha kazi yake. Mimi nikalala sebuleni. Nguo zetu zote zilinuka tapentaini, mafuta yake ya kuyeyushia rangi. Ndani ya basi watu walihama kiti.

Tatizo lilikuwa kwamba chochote atakachochora na kukiuza kingeweza kufuatwa na wadai wake. Mwanamke mmoja wa ofisi ya ushauri ndiye aliyetuonyesha njia. Mtu aliyefilisika haruhusiwi kuongoza kampuni, alisema, lakini hakuna anayeweza kumkataza kuajiriwa. Basi mama na mimi tukafungua kampuni. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane majuzi tu. Kampuni ingenunua rangi, ingemlipa Mzee mshahara mdogo, na picha zote zingekuwa mali ya kampuni. Tulisaini kwenye meza ya jikoni.

"Kuanzia leo mimi ni bosi wako, Mzee," nikamwambia.

Akasimama wima kama askari. "Bosi, nataka nyeupe. Nyeupe nyingi."

Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, ameajiriwa na msichana anayesomea uhasibu jioni na kuuza viatu mchana. Sidhani kama iliwahi kumsumbua. Kilichomsumbua ni kukosa watu wa kuchora, kwa kuwa hatukuweza kumlipa mtu akae. Akaweka kioo pembeni ya dirisha, akaanza kujichora mwenyewe. Pua imevimba, mashavu yamelegea, macho yanauliza. Moja baada ya nyingine. Mama alipoona ya nne au ya tano alisema, "Hakuna mtu atakayetundika huyu babu sebuleni kwake," na ilikuwa kweli. Tuliuza chache sana. Yule mwenye duka aliyenunua ile picha kubwa alikuja mara moja moja, akazitazama muda mrefu, akashusha pumzi, akanunua moja kwa bei ya huruma.

Ndipo mama akaugua. Ugonjwa ulikuwa umeanzia kwenye titi na ulipogunduliwa ulikuwa umeshatembea. Yeye ndiye aliyeniambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wagonjwa wake, akanipa maji ninywe. Alitaka kitu kimoja: kwenda Tanga kumwona bibi, mama yake, yeye mwenyewe angali ana nguvu za kupanda ndege. Nauli ya watu wawili, na fedha ya kukaa kule, na fedha ya dharura. Hatukuwa nayo. Mshahara wake wa ugonjwa ulikuwa unapungua na wangu ulikuwa wa duka la viatu.

Kisha, kama bahati, akapatikana mnunuzi. Mwanamke mwenye hoteli aliona picha moja kwa yule mwenye duka akataka yake, picha ya uso wa mwanamke, kubwa kiasi, akaahidi bei nzuri atakapoichukua. Mzee alimchora mama. Alimchora akiwa amekaa kitandani na shali mabegani, nywele zimeshaanguka, mkono mmoja juu ya mwingine. Nilipiga hesabu. Nauli ilikuwa ndani ya picha ile, na ikibaki kitu tungemnunulia bibi godoro.

Picha ilikuwa tayari. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliiona ikiwa tayari. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kufanya. Mwanamke wa hoteli angekuja Alhamisi. Jumatano niliporudi kutoka kazini nikamkuta Mzee ameshika kisu cha rangi, na uso wa mama haupo. Alikuwa ameukwangua hadi kwenye kitambaa.

"Umefanya nini?"

"Haijaisha," akasema. "Macho yalikuwa uongo. Nilimchora jasiri. Yeye si jasiri. Anaogopa."

"Anakuja kesho!"

"Asubiri."

"Mama hawezi kusubiri!" Nilimshika mkono wenye kisu. "Nakuagiza kama bosi wako. Irudishe kama ilivyokuwa."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi, kwamba alikuwa na huzuni ya kweli. "Bosi anaweza kuchukua," akasema. "Kumaliza hawezi."

Mwanamke wa hoteli alikuja, akaona mikono miwili mizuri na shali na juu yake doa la kijivu. Alisema atarudi. Hakurudi. Mzee alifanya kazi wiki baada ya wiki, akaweka uso, akauondoa, akauweka. Mimi nilimpigia simu yule mwanamke mpaka akaacha kupokea.

Mama hakumlaumu. Hilo nimelibeba mpaka leo na bado sijui nilifanyie nini. Nilimwambia yote, nikiwa nalia, nikamwambia amwondoe yule mtu nyumbani. Akanishika kidole gumba kama nilipokuwa mdogo.

"Ni kweli naogopa," akasema. "Wewe ulikuwa hujaona."

Akaingia hospitali mwezi wa baridi, hospitali alikowahi kufanya kazi, manesi wakimwita dada. Mzee alikaa upande mmoja wa kitanda na daftari lake, akichora. Mdomo wake uliokauka, mpira wa oksijeni, mkono juu ya shuka. Nilitaka kumnyang'anya. Mama akasema, kwa shida, "Mwache. Anaomba." Alifariki asubuhi, wakati mimi nimetoka nje kujibu simu ya kazini.

Kina mama wa kanisani wakaja wote. Walichanga. Watu wa Tanga wa London, watu wa Tanzania nzima, Wakenya wa usharika, hata manesi wa Kifilipino aliofanya nao kazi. Katika muda wa wiki moja ikapatikana fedha ya kusafirisha maiti na tiketi ya ndugu mmoja wa kuisindikiza. Nilisimama mbele ya watu wale nikiwashukuru, na moyoni nilikuwa nataka kupiga kelele. Hatukumwomba mtu mchango mama alipokuwa hai. Mama alikataa, aliona aibu, mke wa mzungu kuombaomba. Na sasa alikuwa anakwenda.

Nilikwenda naye mimi. Bibi aliliweka shavu lake juu ya jeneza, akaniuliza, "Huyo mume wake yuko wapi?" Nikamwambia yuko kazini.

Niliporudi Woolwich, Mzee alifungua mlango akiwa amejifunga kichwani kile kitenge cha gauni la harusi la mama. Alikuwa amekikata. Alikifunga kama kilemba, na kwenye kitambaa cha kuchorea alikuwa amejichora hivyo hivyo, mzee mwenye kilemba cha kitenge, anacheka, meno machache, machozi au mafuta kwenye shavu. Niliweka mzigo chini. Nilisema maneno ambayo binti hamwambii mtu aliyemlea, kwa Kiingereza, ili yamwingie vizuri. Alisikiliza yote.

"Kimekatwa tayari," akasema. "Chai iko."

Nilikunywa chai. Sikuwa na kwingine.

Tukaendelea kuishi hivyo, watu wawili ambao hawakuwa na undugu wowote isipokuwa kampuni. Nilipata kazi ya ofisi Croydon, hesabu za mishahara. Jioni nilipika, naye alikula chochote bila kuuliza ni nini. Wakati mwingine tulipitisha siku nzima bila neno, wakati mwingine aliniita nione kitu, namna giza la kahawia linavyokuwa na kijani ndani yake ukilitazama kwa subira, na nilitazama, na kweli kijani kilikuwepo. Picha ya mama aliyoikwangua aliimaliza mwaka uliofuata. Ni mwanamke anayeogopa. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Nilipomwambia ni nzuri, akanijibu, "Imechelewa," na hakuitazama tena.

Macho yake yakaanza kufifia. Alisogea karibu zaidi na kioo, rangi zikawa nene kama uji, akipaka kwa kidole. Kisha mguu ukavimba, kisha kifua. Alikataa hospitali. Alisema amekaa vya kutosha kwenye viti vile. Siku moja ya kazi nilirudi nikamkuta kwenye kiti chake kirefu, kichwa kimeegemea ukuta, rangi kwenye jiwe bado mbichi. Nilikaa chini mbele yake muda mrefu kabla ya kupiga simu.

Siku mwili wake ulipochomwa, kama alivyotaka, tulikuwa wachache: mimi, mwenye duka la picha, kina mama wawili wa kanisani ambao hawakuwahi kumpenda na ambao waliimba hata hivyo. Ndugu yake wa Uholanzi alituma maua. Ili kulipa gharama nilimuuzia mwenye duka picha zote za kampuni, pamoja na ile ya mama. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika na hiyo. Nilimwambia sina mahali pa kuiweka, na ilikuwa kweli, kwa sababu fleti ilikuwa kwa jina la mama na la Mzee, na kaunsili walikuwa wameshanipa muda wa kuondoka. Nasikia sasa picha zake zinapanda bei tena.

Masharti yalikuwa fleti irudishwe ilivyokuwa. Sakafu ya chumba cha kazi ilikuwa imefunikwa na rangi ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Nilichukua likizo, nikanunua glavu na dawa kali, nikapiga magoti na kukwangua. Juu palikuwa kahawia, chini nyeusi, chini yake nyeupe ile aliyoiomba kwangu, kisha nyekundu ambayo sikumbuki aliitumia wapi. Nyekundu ilikataa kutoka. Niliisugua mpaka vidole vikavimba ndani ya glavu.

Mkaguzi wa kaunsili alikuja siku ya mwisho, kijana wa Kinaijeria mwenye kompyuta ndogo mkononi. Alinikuta bado niko chini na brashi ya waya.

"Dada, unafanya nini?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Hii sakafu tunaing'oa yote wiki ijayo," akasema. "Ungepiga simu ukauliza."

Akapiga picha za kuta, akanipa mahali pa kusaini, akachukua funguo. Nilivua glavu, nikabeba mabegi yangu, nikashuka kusubiri basi.